Ukiuza Programu Huru Mwanda, Unauza Nini?

Swali la kwanza litatoka kwa mwenyekiti wa chama cha maziwa, na litakuja kabla chai haijapoa: "Kijana, umesema programu yenyewe ni ya bure. Sasa hizi elfu sitini ni za nini?" Usikimbilie falsafa. Mjibu hivi: "Mzee, programu sikuuzii. Nakuuzia kazi ya kuiweka, kuwafundisha makarani wako, na kupatikana siku mambo yakikwama." Kisha nyamaza. Ukianza kwa kuiombea radhi bei yako, mwaka utaisha ukitengeneza printa za watu kwa soda.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi kwa kazi ya kompyuta huku milima ya Taita. Pengine umesoma Chuo Kikuu cha Taita Taveta, pengine umejifunza mwenyewe usiku bando likiwa rahisi. Una laptopu moja, na wateja wako wametawanyika Mwanda, Mgange, Werugha, Wundanyi, hadi Voi. Programu huru umeipenda kwa sababu unazoziamini. Tangu Richard Stallman atangaze mradi wa GNU mwaka 1983, ahadi yake ni ileile: mtu aitumie programu atakavyo, aifungue aone inavyofanya kazi na kuibadili, awape wengine, na awape hata toleo alilolibadili mwenyewe. Hakuna mahali ahadi hiyo inaposema fundi alale njaa. Stallman mwenyewe, miaka ya 1980, alikuwa akiuza kanda za Emacs, programu yake ya kuhariri maandishi, kwa dola 150, na aliyenunua alikuwa huru kuinakili na kumpa jirani.

Kipi ukishikilie, kipi ukiachie

Mafundi wengi huanzia vita mahali pasipofaa. Wanabishana na karani kuhusu Windows iliyo mezani pake, huku rekodi za wanachama wote zimo ndani ya mfumo ambao hakuna mtu anayejua namna ya kuzitoa. Mambo mawili usiyauze kwa bei yoyote. La kwanza, data ya mteja iweze kutoka wakati wowote anaotaka, katika faili la kawaida ambalo programu nyingine italisoma. La pili, msimbo chanzo pamoja na nywila kuu za seva viwe mikononi mwa mteja, ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye sefu ya mwekahazina, wala visikae kwenye simu yako peke yake. Ukianguka na bodaboda kwenye kona za kushukia Mwatate, wakulima wasikose pesa za maziwa kwa sababu wewe uko hospitali.

Mengine yote yanazungumzika. M-Pesa si programu huru, na mkulima wa Mwanda hatakubali kulipwa kwa njia ya kuzunguka ili kukuridhisha wewe. Tumia Daraja, lango ambalo Safaricom iliwafungulia waandishi wa programu mwaka 2017, ila sehemu hiyo iandike ikae peke yake, ili siku chama kikitaka kulipa kupitia benki au Airtel Money usilazimike kubomoa mfumo mzima.

Mambo ya KRA, mamlaka ya kodi, ni hivyohivyo. Tangu Januari 2024, matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, hayakubaliki mfanyabiashara anapopiga hesabu ya kodi ya mapato. Kwa hiyo wateja wa duka unalohudumia wataidai ankara hiyo. Mfumo wa mauzo usiozungumza na eTIMS, hata ukiwa huru namna gani, unamwachia mwenye duka kazi ya kuandika kila mauzo mara mbili, na baada ya wiki mbili atarudi kwenye daftari. Kuunganisha mfumo wako moja kwa moja kunahitaji idhini ya KRA, na idhini inakula muda. Kama mteja ana ankara chache tu kwa siku, mwache atumie eTIMS Lite kwenye simu, nawe uendelee na mengine.

Kuhusu Windows yenyewe, wakati huu uko upande wako. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za saiba na za shule haziwezi kubeba Windows 11. Hapo Linux Mint haihitaji hotuba. Lakini kabla hujafuta chochote, chukua mashine moja uijaribu na kazi za kweli za mahali hapo: printa, skana, fomu ya KRA yenye makro ndani ya LibreOffice, ratiba ya mwalimu mkuu yenye rangi zake zote. Kimoja kikikataa, bakiza kompyuta moja ya Windows pembeni na usonge mbele. Hujasaliti mtu. Nakala ya Windows iliyovunjwa kufuli na kupitishwa kwa fleshi, hiyo ndiyo usiiguse. Inaleta virusi, na mbele ya Sheria ya Hakimiliki ni kosa.

Isome leseni kabla hujapokea malipo ya awali

Tuchukue ERPNext, mfumo wa biashara unaotengenezwa na kampuni ya Frappe ya Mumbai. Leseni yake ni GPL toleo la 3. Unaruhusiwa kulipisha kiasi chochote. Unaruhusiwa kuubadili. Siku unapouweka kwenye kompyuta ya mteja umempa nakala, na kuanzia hapo ana haki ya kupata msimbo chanzo wa mabadiliko yako, kwa leseni ileile.

Hapa ndipo wengi hukosea, wanaoipenda GPL na wanaoiogopa. Haikulazimishi kuanika kazi yako hadharani dunia nzima. Deni lako ni kwa uliyempa programu. Ila huwezi kumkataza naye kuwapa wengine. Chama cha Mwanda kikiamua kuwapa ndugu zao wa Werugha, hiyo ni haki yao. Ukiliona hilo kama hasara, jiulize ni nani Werugha watamwita kuja kuuweka. Faili peke yake halijui kwamba ng'ombe wawili wa mwanachama mmoja wameandikwa kwa jina la mkewe.

Ukiuweka mfumo kwenye seva yako mwenyewe na wateja wakaufikia kupitia mtandao, GPL haikulazimishi kuwapa msimbo, maana nakala hukuwapa. AGPL, iliyotoka mwaka huohuo wa 2007 na GPL toleo la 3, inakulazimisha: ukiibadili programu na watu wakaitumia kwa mtandao, ni lazima waweze kuupata msimbo wake. Ushauri wangu ni uwape hata pale sheria inapokuachia mwanya. Ni lile jambo la pili tulilosema haliuzwi, na mteja anayejua anaweza kuondoka huwa hana haraka ya kuondoka.

Leseni za MIT, BSD na Apache ni legevu zaidi: unaweza kuchukua, kubadili, na hata kufunga. DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011 kwa takwimu za afya, iko chini ya BSD. Kwa hiyo unapochagua msingi wa kujengea, unachagua pia utakachoruhusiwa kufanya baadaye. Amua mapema, msimbo ukiwa bado mfupi.

Utasikia pia habari ya leseni mbili, ambapo programu moja hutolewa huru kwa umma na kuuziwa kampuni kwa masharti tofauti. Watengenezaji wa hifadhidata ya MySQL waliishi hivyo hadi kampuni ya Sun ikawanunua mwaka 2008 kwa dola bilioni 1. Njia hiyo inataka uwe na haki juu ya kila mstari, na kila anayechangia akutilie sahihi. Kwa fundi mmoja wa Mwanda ni makaratasi yasiyo na faida. Iache.

Mtego ulio ndani ya sheria yetu

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ina kipengele ambacho mafundi wengi hawakijui. Kazi ukiagizwa na mtu kuifanya, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwake yeye aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Fikiria maana yake. Umeandika sehemu ya kurekodi maziwa kwa chama cha Mwanda, mkapeana mkono, hakuna karatasi. Mwaka unaofuata Mgange wanakuita, unachukua sehemu ileile na kuwawekea. Mwanasheria mkali anaweza kukuambia umetumia mali ya watu. Tena huna mamlaka ya kuipa leseni huru, kwa sababu si yako.

Dawa yake ni aya moja kwenye mkataba. Iandike kwa Kiswahili ambacho kamati nzima itakielewa:

"Sehemu zilizotoka ERPNext zinabaki chini ya leseni ya GPL toleo la 3. Hakimiliki ya sehemu mpya atakazoandika fundi ni ya fundi, naye anakipa chama sehemu hizo kwa leseni hiyohiyo, pamoja na msimbo chanzo. Data yote ni mali ya chama. Chama kinaweza kumpa fundi mwingine kazi hii wakati wowote bila kuomba ruhusa."

Sentensi ya mwisho mwenyekiti ataisoma mara mbili. Mafundi wanaiogopa, lakini sijaona maneno yanayouza kazi kuliko hayo mbele ya kamati iliyowahi kukwama na mfumo ambao aliyeuuza hapokei tena simu. Mpelekee wakili wa Voi au Wundanyi aupitie mkataba mara moja tu. Ada yake itajilipa kwa kila mteja atakayefuata.

Ongeza na aya fupi kuhusu siri. Daftari la wanachama lina nambari za vitambulisho, simu, na mikopo ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakugusa wewe unayelitunza kama inavyokigusa chama. Taja ni nani anaruhusiwa kuona nini, na nakala zitafutwa lini ukiondoka.

Bei

Nenda mahali maziwa yanapopokelewa asubuhi, kabla hujaandika makadirio yoyote. Saa kumi na mbili, ukungu umefunika hadi huoni barabara, wanawake na vijana wamepanga foleni na mitungi. Karani anapima, anaandika kwenye kitabu kikubwa, kisha anaandika tena kwenye kadi ya mwanachama: nambari, kilo, sahihi. Kalamu inakataa kwa sababu karatasi imelowa. Mtu anapeleka kilo 4.3, kitabuni panaandikwa 4.3, kwenye kadi panasomeka kama 4.8. Mwisho wa mwezi makarani wawili wanafungiwa ofisini na kikokotoo, siku zinapita, na bado anatokea mama mmoja na kadi yake: "Mwanangu, siku ile ya mvua nilileta kilo sita. Hapa mmeniandikia tatu."

Unachokiuza kinashindana na kazi hiyo na ugomvi huo. Basi usipime bei yako kwa kulinganisha na programu ya kulipia ya Nairobi. Uliza makarani wanatumia siku ngapi kujumlisha, uliza chama kililipa mara mbili au kupunja wangapi mwaka jana, na uanzie hapo.

Igawe bei katika mafungu matatu na uyaandike kila moja peke yake: kuweka, kufundisha, na huduma ya kila mwezi. Kwa mfano tu, kuweka na kufundisha KSh 60,000, nusu ikitangulia. Huduma KSh 4,000 kwa mwezi. Ndani ya hiyo elfu nne taja kilichomo: kupokea simu saa za kazi, safari moja ya kuja, na nakala rudufu ambayo umeirudisha kwenye kompyuta nyingine ukaona inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa usiihesabu. Taja na kisichokuwemo: ripoti mpya ambayo mtu ameiota jana, kompyuta iliyomwagiwa chai, simu ya mtoto wa katibu. Hayo yana bei yake.

Fungu la tatu ndilo litakalokuweka mjini, kama wasemavyo. Wateja wanane au kumi wa huduma ya mwezi wanalipa kodi ya chumba na bando, na ndipo unapopata nguvu ya kumwambia mteja mwingine, "Hapana, kufuli la kuwazuia wasihame sitawawekea." Msimamo bila kipato cha kila mwezi hudumu hadi ada ya shule ya Januari.

Halafu kuna undugu. Hapa kila mteja ni mjomba, shemeji, au mwalimu aliyekufundisha darasa la nne. Punguza, ni sawa, lakini andika bei kamili kwenye ankara, chini yake andika punguzo, kisha jumla. Mjomba ataona umemheshimu, na jirani yake atakayeionyeshwa ankara hiyo atajua bei ya kweli ni ipi.

Ukifanya kazi na kampuni au ofisi ya umma, kumbuka ada ya utaalamu hukatwa asilimia 5 ya kodi kabla haijakufikia. Zabuni za serikali zina asilimia 30 iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na fursa hiyo uichangamkie. Ila madeni yaliyokwama ya serikali za kaunti yamekuwa habari ya kila mwaka tangu ugatuzi uanze 2013. Usinunue seva kwa pesa yako ukingoja hundi.

Na uujenge mfumo ukijua stima itapotea. Kompyuta ndogo ofisini yenye betri, inayofanya kazi yote bila intaneti na kutuma nakala mtandao ukirudi, inafaa Mwanda kuliko seva ya kifahari iliyo ng'ambo. Programu huru inakusaidia hapa waziwazi: haitasimama katikati ya kazi ikitaka kuthibitisha leseni kwa mtandao ambao haupo.

Waliotangulia walikula wapi

Kenya ina mifano miwili mikubwa ya programu huru, na yote miwili ina onyo. Ushahidi ilitengenezwa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ili watu watume taarifa za yaliyokuwa yakitokea kwao na zionekane kwenye ramani. Msimbo wake uko wazi, na umetumika mbali, hata Haiti baada ya tetemeko la 2010. Lakini sehemu kubwa ya uhai wake imetokana na wafadhili, pamoja na mashirika yanayolipa ili wahudumiwe badala ya kujiwekea wenyewe.

OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ilianza 2004, na Eldoret, chini ya mpango wa AMPATH wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoilea. KenyaEMR, inayotumika kwenye vituo vya afya nchini, imejengwa juu yake. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, kazi nyingi za mifumo ya afya zilizotegemea fedha hizo zikayumba. Msimbo haukwenda popote, uko palepale, yeyote anaweza kuuchukua leo. Waliotikisika ni watu waliokuwa wakiuhudumia, kwa sababu mshahara wao ulitoka mfuko mmoja. Ndiyo maana nakuhimiza kutafuta vyama vidogo vinavyolipa kidogo kila mwezi kabla ya kuandika maombi ya ufadhili. Ufadhili ukija, utumie kununulia vifaa au mafunzo. Usiutumie kulipia kodi ya nyumba.

Programu huru yenye mwenyewe mmoja

Kabla hujajenga juu ya programu yoyote, tazama ni nani anayeishika. Odoo, mfumo mwingine wa biashara, ina toleo la jamii lililo huru na toleo la kulipia lililofungwa, na uhasibu kamili uko upande wa kulipia. Toleo la jamii linakupa ankara tu. Si kosa, mradi umwambie mteja siku ya kwanza. Asije akagundua mwenyewe mkaguzi wa hesabu akiwa mlangoni.

Mwenye programu anaweza pia kubadili nia. Redis, ambayo ERPNext huitumia kwa ndani, iliacha leseni yake huru Machi 2024. Baada ya siku chache wengine wakachukua msimbo wa zamani na kuanzisha Valkey. Mwaka uliofuata Redis ikarudi kwa kuongeza AGPL. Oracle ilipoichukua Sun na MySQL ndani yake, tayari Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL, alikuwa ameanzisha MariaDB kutoka msimbo uleule. Hilo ndilo jibu la kumpa mhasibu anayekuuliza uhuru huu una faida gani kwa chama chake: bosi akigeuka, pana pa kwenda, na data haipotei njiani.

Kurudisha

Weka saa chache za kurudisha marekebisho yako kwa wenye mradi ndani ya bei yenyewe, bila kuona haya. Kosa ulilolirekebisha kwenye ERPNext likibaki kwako peke yako, utalirekebisha upya kila toleo jipya likitoka, kwa kila mteja. Ukiwatumia wenyewe na wakalipokea, limekuwa mzigo wao.

Tafsiri nayo ihesabie hivyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini matoleo mapya hayasubiri mtu, na LibreOffice ilipozaliwa 2010 menyu zilikuwa zimeshabadilika. Kwa hiyo usiahidi kuutafsiri mfumo mzima. Tafsiri skrini tatu au nne ambazo karani wa maziwa anazigusa kila asubuhi, kwa maneno anayoyatumia yeye, na uzipitie upya kila unaposasisha.

Unapotuma marekebisho, tuma madogomadogo, kosa moja kwa mara moja, na maelezo mafupi ya namna ya kulirudia kosa lenyewe. Wasimamizi wa mradi ulioko Mumbai hawatafungua furushi la mwezi mzima kutoka kwa mtu wasiyemjua, lakini mistari sita iliyoelezwa vizuri wataisoma.